Naomba ushauri: amplifaya ya vali inakwaruza noti inapofifia

Habari zenu wakuu. Nina amplifaya ya gita ya vali (mirija ya kioo inayokuza sauti), yenye vali ndogo za 12AX7 tatu mbele na vali za nguvu za EL34 mbili mwishoni, zinazoendesha spika. Sauti safi haina tatizo kabisa. Nikipandisha geini (kiwango cha kukuza sauti) kupita nusu, noti inaanza nene na laini, lakini inapofifia unasikika mkwaruzo mkavu kama karatasi inayochanwa, hasa kwenye nyuzi nene.

Nimetoa kapasita ya pF (pikofaradi) 120 iliyokuwa kwenye potensiometa ya geini: ukali umepungua, mkwaruzo umebaki. Vali ya kwanza nimeweka 5751, inayofanana na 12AX7 ila inakuza kidogo zaidi ya chini, geini ikashuka kidogo tu. Nikaunganisha kapasita ya pF 250 sambamba na rezista ya kilo-ohm 100 ya anodi (upande wa kutolea sauti) ya hatua ya pili ya ukuzaji. Hapo gita likawa kama limefunikwa blanketi, nikaiondoa. Spika nimebadilisha, hali ni ileile. Bayasi (mkondo wa vali ikiwa haipigi sauti) nayo si baridi, yaani si ndogo mno: kila EL34 inavuta mA 36 kwa volti 450, yaani wati 16 hivi kati ya 25 zinazoruhusiwa.

Ninachoshuku ni gridi za EL34, yaani sehemu za vali zinazopokea wimbi la sauti. Zina rezista za kilo-ohm 1.5 tu, na kapasita zinazozilisha ni µF 0.022. Wimbi likizidi, gridi inavuta mkondo, kapasita inajichaji, vali inajifunga kwa muda.

Je, nianze kwa kuongeza rezista hizo hadi kilo-ohm 10, au nipunguze kwanza kapasita? Na nikiweka kilo-ohm 470 kabla ya gridi ya hatua ya pili, niweke kapasita ya pF ngapi sambamba nayo ili sauti isizibe?