Yule mjuaji wetu kavuka mpaka: eti tunaolalamikia vumbi la msumeno wa maita "tukashone nguo"

Shoka_Bila_Mpini (mwanzisha uzi)
Wakuu, simtaji. Wote mnamjua, akikohoa humu nyuzi tatu zinafungwa. Leo kijana mgeni kauliza kwa adabu zote: ana maita ya inchi 10, ule msumeno wa umeme wa kukatia kona, karakana yake chumba cha mita tatu kwa tatu, vumbi alifanyeje? Mjuaji akamjibu: "Kamfuko kaliokuja na mashine kanatosha. Wanaolia vumbi wakashone nguo."

Wakashone nguo!

Kamfuko kale kale! Ukikata ubao mmoja wa mninga, unga unaukuta kwenye chai ya jirani wa mtaa wa tatu. Meno ya chini ya bledi yanakimbia kuelekea fensi, ule ukingo wa nyuma unaoegemeza ubao, kwa hiyo unga unatupwa nyuma kwa upana, unaoingia kwenye kitundu cha kutolea vumbi ni sehemu tu. Na huo ukifika mfukoni, kitambaa kinakamata chenga. Ule laini unaofika mapafuni unapenya na kuelea. Mfuko ukijaa nusu, hewa inakosa pa kutokea, unga unarudi usoni.

Tangu 1995 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO umeliweka vumbi la mbao Kundi la 1, linaleta saratani kwa binadamu, ya pua hasa. Mvule unaamsha pumu na kuwasha ngozi. Halafu mtu mzima anaandika, mchana kweupe, WAKASHONE NGUO.

Mama_Plaiwudi
Nimeuona ule uzi nikasonya mpaka paka akatoka nje. Yule anashauri hivyo hivyo kila mwaka.

Kijana ajenge boksi nyuma ya mashine, plaiwudi ya milimita 9, wazi upande wa mbele. Kwanza azungushe maita hadi nyuzi 45 kulia na kushoto, akilaze kichwa chake ubavu, na kama ina reli aisukume hadi mwisho; boksi lisiguswe popote. Wengi wanapima mashine ikiwa imenyooka, siku ya kukata kona mota inagonga ukuta wa boksi. Sakafu ya boksi iwe na mteremko mkali, tundu la milimita 100 liwe chini kabisa.

Kona45
Mwanzisha uzi, hasira tumeziona, hozi hatujaiona. Umerudia "wakashone nguo" kama kasuku, kijana bado yuko kwenye vumbi.

Maita inataka mivuto miwili. Kitundu cha mashine kifungwe vakyumu yenye hozi ya milimita 35 hivi, kwa sababu tundu jembamba linataka mvuto wenye nguvu. Boksi la nyuma lifungwe mashine kubwa ya kunyonya, hozi ya 100, kwa sababu pale unataka hewa nyingi. Ukichukua ile kubwa ukaibana hadi 35 kwenye kitundu, umeiua, haina nguvu ya kuvuta kwenye upenyo huo.

Shoka_Bila_Mpini
Kona45, nakubali vipimo. Ila alisema WAKASHONE NGUO.

Randa_Kavu
Mwenye vakyumu tu aanze na mpira ulio nyuma ya bledi. Mara nyingi ni mfupi. Chomoa waya wa umeme, ongeza kipande cha tyubu ya baiskeli pande zote mbili, kisha shusha bledi kwa mkono uone haikigusi. Hapo tu unga mwingi unaelekea kitunduni.

Kati ya vakyumu na maita weka ndoo ngumu ya lita 20: hewa iingie kwa ubavu ili izunguke, itokee katikati ya mfuniko, viungo vyote silikoni. Ndoo laini inajikunja hozi ikiziba. Ukimaliza kukata, acha bledi chini mpaka isimame, vakyumu iendelee sekunde kumi. Usikate chuma hapo, cheche zikiingia kwenye unga ni moto. Barakoa ya N95 au FFP2 ibaki usoni hata baada ya kuzima, unga laini haujatua.

Cherehani_Nne
Samahani, sisi tunaoshona nguo tumekosa nini? Vumbi la pamba mnalijua? Kila mkigombana mnatutupia sisi.

Mama_Plaiwudi
Pole dada, haikuhusu. Yule ndiye mkorofi.

Mbao_Mbichi_Sitaki
Vumbi mnalisema, wauza mbao hamuwasemi. Unauziwa "kavu", ukikata unga unatoka umelowa, unaganda ndani ya hozi na kuziba filta ya vakyumu. Kisha mlango unapinda mwezi wa pili.

Kona45
Hilo ndilo la kufunguliwa uzi! Kata kipande katikati ya ubao, si mwishoni maana mwisho hukauka mapema. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke juani, kipime tena kila siku. Kikiendelea kupungua gramu, umeuziwa maji.

Randa_Kavu
Na ubao wao wa inchi mbili kwa sita ukiweka futi ni moja na nusu kwa tano na nusu, bei ya mbili kwa sita kamili.

Mbao_Mbichi_Sitaki
Ya kwangu ya juzi ni tano na robo. Naleta picha.

Shoka_Bila_Mpini
Wakuu, turudi kwenye mada.

Mama_Plaiwudi
Tano na robo?! Uwanja gani huo?