Naomba ushauri: ubingwa wa 1956 niuweke kwa Lancia au Ferrari?

Wakuu, habari zenu. Naandika historia ya watengenezaji wa magari ya mashindano wa Italia, nimekwama kwenye Lancia D50, gari la mbio za Formula One. Vittorio Jano aliisanifu kwa injini ya V8 ya lita 2.5, injini yenyewe ikisaidia kubeba chasisi, na matangi ya mafuta yakakaa ubavuni, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kazi safi mno! Dereva wa Lancia, Alberto Ascari, akafariki kwenye uwanja wa mbio wa Monza Mei 1955, Lancia nayo hoi kifedha, magari yakakabidhiwa Ferrari. Mwaka uliofuata dereva Fangio akatwaa ubingwa wa dunia na magari hayo hayo, akiwa Ferrari. Mimi naelekea kupanga sura kwa wasanifu wa injini, si kwa nembo. Mnaonaje, msomaji hatapotea?