Kwa yule wa "karatasi ni karatasi": njoo ubandue ulichokibandika

Wakuu, salamu baadaye. Naandika na vidole vyeusi vya tona, ule unga wa wino wa printa ya leza, herufi zikiruka mnisamehe.

Mnamjua. Simtaji, kila ofisi inaye. Akiona trei ya karatasi 2000 ya printa yetu ya leza ina nafasi, anaona kabati. Leo kachukua karatasi za kung'aa, zile za picha za printa ya wino wa maji, kazipachika katikati ya rimu ya gramu 80, trei ikagoma kuingia, akaisukuma kwa GOTI. Akaulizwa, mkuu, hizi ni za leza? Akajibu bila kugeuza shingo: "Karatasi ni karatasi."

Karatasi ni karatasi! Basi na msasa ni karatasi, tuuweke tupate barua zenye mikwaruzo.

Ndani ya leza kuna fyuza, rola ya moto inayokaribia nyuzi joto 200, kazi yake kuyeyusha tona ishike kwenye karatasi. Ule utando wa kung'aa wa karatasi ya wino wa maji haukutengenezwa kwa joto hilo. Unalainika, unashika rola, karatasi inajiviringisha humo kama sanda. Ukifanikiwa kuitoa, mabaki yanabaki, na kuanzia hapo kila ukurasa una doa lile lile, linarudi kila baada ya umbali ule ule. Chukua rula upime: umbali huo ndio mzunguko wa rola. Mashine inakusomea jina la mkosaji kila sentimita kadhaa, na mkosaji yuko kwenye kiti anazunguka.

Kwa goti, wakuu. Trei ina mstari wa kikomo pembeni, umechorwa na alama ya rundo. Ukiuvuka, karatasi za juu zinabanwa, rola ya kuvuta inateleza au inavuta tatu kwa mpigo. Vile vibanio vya pembeni navyo vina adabu yake: viguse rundo tu. Ukivikaza, karatasi inafanya kibiongo katikati. Ukivilegeza, inaingia upande na maandishi yanatoka yamelewa. Yeye kavikaza, kisha goti.

Kuna watu watasema nimezidisha. Kafungua rimu wiki nzima kaiacha uchi juu ya mashine! Lile ganda la rimu si pambo, linazuia unyevu. Karatasi ikinywa unyevu kingo zinajikunja mawimbi, ikikauka mno inapata umeme tuli na kung'ang'aniana. Rimu ikitoka stoo yenye baridi, iache chumba kimoja na mashine, ndani ya ganda lake, hata siku nzima. Ukifungua, shika fungu unaloweza kulikunja, lipinde, lichanue ncha hii na ile hewa ipite, kisha ligonge mezani mpaka kingo zilingane. Nusu dakika. Goti lilichukua sekunde moja.

"Karatasi ni karatasi." Bado naisikia.

Rola Kavu: Pole mkuu. Ila nimesoma uzi mzima nimebaki na goti tu. Kushoto au kulia?

Bibi Gramu: Huyo wenu afadhali. Wetu anadhani gramu 80 ni uzito wa karatasi moja. Babu, ni mita moja ya mraba! A4 kumi na sita ndizo zinatoka humo, moja ina gramu 5, rimu ya 500 kilo 2 na nusu. Angekuwa sahihi, rimu ingekuwa kilo 40, na angeibeba kwa goti.

Mleta Uzi: Kulia.

Zamu ya Usiku: Hamjagusa penye maumivu. Mtu anaweka karatasi nene ya gramu 160, trei anaiacha imeandikwa "kawaida". Mashine inapitisha kwa mwendo wa karatasi nyepesi, joto halitoshi, ukipitisha kidole herufi zinatoka kama masizi. Halafu anasema tona feki. Badilisha aina ya karatasi kwenye kioo cha mashine NA kwenye kompyuta, zikipingana mashine inasimama kuuliza. Na mkitoa iliyokwama, vuteni kwa mikono miwili, taratibu, kufuata njia inakoelekea. Ukiirudisha kinyume inachanika, kipande kidogo kama ukucha kinabaki kwenye kihisio, mashine inaapa kuna karatasi na wewe unaapa hakuna. Na fyuza iacheni ipoe kwanza.

Pini Moja: Kwetu kuna mbana matumizi. Anarudisha trei karatasi zilizochapwa upande mmoja. Tona ya zamani inapita kwenye moto mara ya pili, inalainika, inachafua rola. Na safari hii kaacha pini ya stepla ndani. PINI.

Rola Kavu: Karatasi ni karatasi 😂

Mshale Juu: Rimu nyingi zina mshale kwenye ganda, unaonyesha upande wa kuchapa kwanza. Zikitoka zimejikunja, pindua rundo zima. Na msiongeze mpya juu ya za zamani, pale zinapokutana ndipo mbili huingia pamoja. Toa za zamani, changanya, chanua, ndipo rudisha.

Karani Mkuu: Sawa, na zenye kichwa cha barua? Uso chini.

Bibi Gramu: Uso juu.

Karani Mkuu: CHINI. Miaka yote chini.

Zamu ya Usiku: Inategemea mashine, na ukichapa pande mbili inaweza kugeuka tena. Chora X kwa penseli kwenye karatasi moja, iweke juu kabisa, chapa ukurasa mmoja, angalia X imetokea wapi. Mnabishana kitu cha karatasi moja.

Karani Mkuu: Chini.

Pini Moja: Na wale ambao mashine ikitulia kidogo wanabonyeza "chapa" mara tisa? Ikizinduka inatema nakala tisa za kurasa 60, wao wamekwenda zao, sisi tunasimama kama mazishi.

Rola Kavu: Hao na wanaochapa ukurasa mmoja wa rangi kwa ajili ya nukta ya bluu kwenye saini.

Bibi Gramu: Saini? Semeni stepla. Ile kubwa ya kurasa 100 iko wapi?

Mleta Uzi: Wakuu, turudi kwenye goti.

Mshale Juu: Ile ya kijivu? Ilionekana Jumatatu.

Karani Mkuu: Aliyeichukua aweke na pini zake, zile ndefu, siyo kurudisha stepla tupu.