Wana wa Mzee Salehe (Oklahoma na Tanga)

15:11 – Da Hawa: Assalaam aleikum wote. Wale wa kituo cha utabiri wa dhoruba hapa Norman wametoa taarifa ya saa 9. Asubuhi tulikuwa ngazi ya 3 ya hatari, sasa wametupandisha ngazi ya 4 kati ya 5. Moore, Norman, Oklahoma City kusini, wote tumo. Naomba kila mtu aandike yuko wapi sasa hivi na saa 12 jioni atakuwa wapi.

15:12 – Da Hawa: Kila mtu. Sitaki kidole gumba, andika.

15:14 – Kombo: 👍

15:14 – Da Hawa: Kombo nimesema nini?

15:15 – Kombo: Samahani dada. Nipo kazini, natoka saa 11. Mke yuko nyumbani na mama mkwe.

15:31 – Zuhura Tanga: Wa aleikum salaam. Huku saa 5 na nusu usiku bado sijalala, nahesabu mchango wa Rukia. Unafungwa Ijumaa na waliotoa ni wawili tu.

15:32 – Da Hawa: Zuhura mdogo wangu, leo hapana.

15:33 – Zuhura Tanga: Kila siku leo hapana.

15:40 – Saidi: Shangazi mimi nipo chuo. Kipimo cha umande hapa Norman kimefika nyuzi 71 za Fahrenheit, hewa ya unyevu ya Ghuba ya Mexico imeshajaa kabisa, shati limegandia mgongoni. Hewa kavu ya jangwani iko magharibi inasogea. Zikikutana hapo ndipo mawingu yanafumka. Kwa sasa kuna kifuniko cha hewa ya joto juu, kama sufuria ya ubwabwa. Kikiachia, wingu halimalizi nusu saa limeshafika kilometa 15 juu.

15:41 – Kombo: Ubwabwa wa nani huo? Na mimi nahesabiwa?

15:42 – Saidi: 😂😂

15:44 – Saidi: Tupo vijana wanne tuna gari. Tunafikiria kushuka Chickasha tulione likianza.

15:44 – Da Hawa: Saidi.

15:47 – Da Hawa: Sikiliza mwanangu. Tarehe 31 Mei 2013, El Reno, tornado ilipanuka mpaka kilometa 4.2, hakuna iliyopimwa pana kuliko hiyo. Ilimuua Tim Samaras na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, ndani ya gari. Huyo mzee alizichunguza tornado miaka na miaka, alikuwa anatega vipimo njiani zipite juu yake. Ikamgeukia. Wewe una simu na gari la rafiki yako. Kaa hapo hapo chuo.

15:52 – Saidi: Sawa shangazi.

16:24 – Da Hawa: TAHADHARI YA TORNADO imetoka, mpaka saa 5 usiku. Wilaya ya Grady, McClain, Cleveland na Oklahoma zote.

16:26 – Zuhura Tanga: Imeshatokea??

16:28 – Da Hawa: Bado. Tahadhari ni kwamba hali inaruhusu, ukae tayari. ONYO ndilo la kukimbia, maana yake mtu ameiona kwa macho au rada imeuona mzunguko. Tahadhari ni unga na sukari viko mezani, onyo ni maandazi yako kwenye mafuta.

16:29 – Kombo: Leo kikundi hiki kinatutia njaa tu

16:33 – Da Hawa: @Hamisi @Mama Nasra @Juma hamjaandika kitu. Hamisi na Mama Nasra tiki za buluu naziona. Juma ana tiki moja toka saa 8.

16:50 – Da Hawa: Haya mimi napanga, asiyetaka aseme. Kombo ukitoka kazini chukua watu wako mwende kwa Hamisi. Mama Nasra na watoto vilevile, na mwende kabla ya saa 12, msingoje ving'ora. Ghorofa ya tatu si mahali pa kukaa leo. Hamisi toa hayo masanduku kwenye shimo la kujikinga hapo gerejini kwako, lile lililochangiwa.

17:02 – Mama Nasra: Sisi tutabaki hapa hapa wifi. Tutaingia bafuni na godoro.

17:03 – Da Hawa: Bafu la ghorofa ya tatu wifi? Godoro linazuia kifusi, halizuii nyumba kuondoka.

17:09 – Mama Nasra: Mwaka jana nilikuja. Nilisimama nje ya ile gereji na Nasra mgongoni, ving'ora vinalia, nikapiga mlango kwa kiatu mpaka kisigino kikang'oka. Dola 600 za baba Nasra ziliingia kwenye shimo. Sisi hatukuingia.

17:10 – Mama Nasra: Sikutaka kuyasema humu. Nimeulizwa.

17:21 – Hamisi: Shemeji hilo tulishalizungumza. Namba ya kufungulia mlango ilibadilishwa na fundi. Na ukishafunga lile lifuniko la chuma husikii mtu.

17:22 – Mama Nasra: Simu yako ilikuwa inaita.

17:23 – Hamisi: Chini hakuna mtandao.

17:23 – Mama Nasra: Siku hiyo hiyo uliposti picha.

17:25 – Kombo: Jamani wapendwa. Lile shimo lenyewe lina mchele magunia manne, tornado ikija ikute pilau imekaa mkao wa kula

17:26 – Saidi: 😂😂😂😂

17:26 – Kombo: Alafu pilau ya Idi ya nani ile ilikuwa haina bizari? Sitaji mtu

17:27 – Zuhura Tanga: 😂 Tunamjua

17:27 – Da Hawa: Jamani! Mama wa watu ametoa yaliyo moyoni mnaleta bizari?

17:30 – Da Hawa: Mimi tarehe 20 Mei 2013 nilikuwa Moore. Onyo lilitoka saa 8 na dakika 40 mchana, ilishuka saa 8 na 56. Dakika 16. Ukitafuta viatu vya watoto zimekwisha. Walikufa watu 24, saba ni watoto wa shule waliokuwa wamejikunyata ukutani kama walivyofundishwa. Nilipita pale baada ya siku tatu. Miti ilikuwa haina hata ganda, myeupe kama imemenywa kwa kisu. Kwa hiyo mkiona napiga kelele humu mnisamehe, ila sinyamazi.

17:31 – Da Hawa: Na mimi siwezi kuja kumchukua mtu. Niko zamu mpaka saa 5, nina wazee 31 hapa na wenzangu wawili hawajatokea.

18:19 – Saidi: Kifuniko kimeachia. Mawingu matatu yamefumka kwa mpigo. La kusini, upande wa Anadarko, liko peke yake, halina wa kulinyang'anya unyevu. Ndilo la kuangalia.

18:35 – Saidi: Limeota ndoana kwenye rada, dalili kwamba linazunguka.

18:41 – Da Hawa: ONYO. Grady. Liko karibu na Chickasha linakuja kaskazini mashariki, kilometa 55 kwa saa. Chickasha mpaka Moore ni kama kilometa 50. Hesabuni wenyewe.

18:43 – Da Hawa: @Mama Nasra

18:46 – Da Hawa: @Mama Nasra pokea simu wifi

18:47 – Kombo: Sisi tumefika kwa Hamisi. Tunatoa magunia. Mama mkwe amekaa kwenye kiti anatusimamia.

18:49 – Da Hawa: Juma kama unasoma hii, ukiwa I-40 simama huko huko magharibi, liache likutangulie. Na usijifiche chini ya daraja hata ukiona wengine wamejazana. Mwaka 1999 walijazana, upepo pale chini unabana unazidi nguvu, watu walikokolewa.

18:57 – Bamkubwa: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:51)

18:59 – Da Hawa: Naandika alivyosema kwa wasioweza kusikiliza: «Hamisi. Nimeamka kuswali nimekuta meseji themanini, nimezisikiliza na kuzisoma zote. Mimi ndiye niliyesema mchange shimo moja. Marehemu baba yenu aliwaacha wanne chumba kimoja na mlango haukuwa na kitasa. Gereji ifunguliwe sasa hivi, na wewe mwenyewe usimame pale nje mpaka mke wa ndugu yako afike. Na wewe mama Nasra, usimweke mtoto rehani kwa hasira zetu. Nenda. Madeni mtadaiana mkiwa hai.»

19:02 – Hamisi: Nimesikia Bamkubwa. Nimefungua. Nipo nje.

19:02 – Hamisi: Namba ya mlango shemeji ni

19:02 – Hamisi: Ujumbe huu ulifutwa

19:04 – Mama Nasra: Shikamoo Baba. Tunatoka.

19:05 – Bamkubwa: Marahaba mwanangu.

19:13 – Kombo: Wamefika. Hamisi alikuwa nje na mvua yake yote.

19:16 – Saidi: Onyo limesogezwa mpaka McClain na Cleveland. Bridge Creek, Newcastle, Moore, Norman kaskazini. Ingieni.

19:27 – Da Hawa: Ving'ora vinalia hapa. Wazee wote nimewatoa vyumbani, tumewapanga kwenye korido viti vikiwa vimetazama ukuta, mablanketi vichwani. Bibi mmoja ananiuliza kama ni Jumamosi, maana amezoea kuvisikia vya majaribio Jumamosi saa 6 mchana. Nimemwambia ndiyo.

19:29 – Mama Nasra: Tupo chini watu tisa. Mtandao upo.

19:30 – Mama Nasra: Kidogo kidogo lakini upo.

19:31 – Mama Nasra: Mvua ya mawe inapiga mlango wa gereji kama lori linamwaga kokoto. Moja limedunda mpaka kwenye ngazi, Kombo amelishika, ni kubwa kama limau, lina pete nyeupe ndani kama kitunguu. Nasra ana helmeti ya baiskeli na kiatu kimoja.

19:33 – Saidi: Kuna kitu kwenye rada ambacho si mvua. Kidoa kidogo magharibi ya Newcastle. Inaweza kuwa vifusi.

19:34 – Saidi: Linapinda kulia. Moore linaikwepa. Shangazi linakuja upande wako.

19:34 – Saidi: Shangazi

19:38 – Bamkubwa: Hawa.

19:41 – Hamisi: Dada tujibu

19:43 – Zuhura Tanga: Nimeamshwa na simu. Nini? Hawa yuko wapi?

19:44 – Saidi: Sisi tuko chini ya maktaba tumejaa. Masikio yameziba.

19:47 – Bamkubwa: Hawa binti Salehe.

19:51 – Da Hawa: Tupo.

19:52 – Da Hawa: Umeme umekatika, jenereta imewaka sasa hivi. Paa lipo. Madirisha ya upande wa jikoni yamekwenda. Wazee 31, nimewahesabu mara mbili.

19:52 – Bamkubwa: Alhamdulillahi.

19:53 – Kombo: Alhamdulillahi 🤲🏾

19:55 – Saidi: Mzunguko umelegea, limeshavuka barabara ya I-35. Kama ilikuwa tornado ama ni upepo tu hatujui. Wakaguzi watapita kesho kuangalia miti imelalia wapi, ndipo watoe daraja la nguvu yake.

20:14 – Juma: Nipo Elk City. Simu ilizima. Hapa anga jeupe kabisa. Mke wangu yuko wapi?

20:15 – Mama Nasra: Kwa kaka yako.

20:19 – Juma: Kwa Hamisi?

20:20 – Hamisi: Yupo. Anakula.

20:22 – Da Hawa: Msitawanyike. Mstari mwingine wa mawingu ya dhoruba uko nyuma, unafika kama saa 4. Huo ni wa upepo wa kunyooka zaidi lakini na wenyewe huficha vijitornado ndani. Mama Nasra lala hapo.

20:26 – Mama Nasra: Nitaona.

20:27 – Da Hawa: Utaona nini wifi?

20:40 – Da Hawa: Na hili la ufunguo tulimalize leo. Waliochanga ni watatu, kila mmoja awe na kifungulio chake. Hamisi?

20:49 – Hamisi: Hakuna ubaya. Ila gereji ndiyo mlango wa nyumba yangu, watu wataingia saa yoyote? Tukae tulizungumze.

20:50 – Da Hawa: Lini?

20:50 – Hamisi: Jumamosi.

20:51 – Da Hawa: Jumamosi niko kazini. Jumapili.

20:53 – Juma: Jumapili nitakuwa Tennessee

20:58 – Zuhura Tanga: Maadamu wote mko macho, nawakumbusha mchango wa Rukia.

21:03 – Kombo: Dada Zuhura andika wangu, 50. Nitatuma nikipata mwanga wa kuona kadi.

21:06 – Bamkubwa: Adhana inakaribia huku. Hamisi, mtoto amepata kiatu?

21:17 – Saidi: Onyo jipya, la upepo mkali. Chickasha tena.

21:17 – Da Hawa: Hamisi umesoma alichouliza Bamkubwa? Teremkeni. Na lifuniko mlikaze safari hii, lakini gereji iacheni wazi, jirani wa pembeni ana watoto.