Mrejesho: mafunzo ya usalama kazini kwa intaneti, karakana ya kulehemu Lubumbashi

Ndugu zangu, niliuliza hapa namna ya kuwafundisha mafundi wetu wa kulehemu wa Kampemba, jijini Lubumbashi, usalama kazini kwa njia ya intaneti, ilhali umeme hukatika ovyo na data ni ghali. Nawashukuru sana mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kupakua masomo usiku na kuyaonyesha kwenye televisheni kabla ya kazi, huku fundi mkuu akisimamisha video na kuifafanua kwa Kiswahili chetu. Jambo hilo limefaulu kuliko nilivyotarajia, kwani sasa mitungi ya oksijeni husimama wima, imefungwa mnyororo ukutani, na hakuna anayegusa vali zake kwa mikono yenye grisi. Patroni naye, aliyedhani mafunzo ni ya wafanyakazi tu, alimaliza sehemu ya waajiri na kukubali kuunda kamati ya usalama na usafi inayotakiwa na Sheria ya Kazi ya Kongo (DRC) ya 2002.

Kilichoshindikana ni mtihani wa mwisho, ulioandikwa kwa Kifaransa kizito: wazee kadhaa, ambao ndio mafundi hodari, hawakupata cheti. Kinga ya mashine ya kusagia chuma nayo bado huondolewa mteja anapoharakisha kazi. Anayehitaji vyeti aombe kwanza kuuona mtihani kabla ya kulipia kozi.