Msimbo P0011 unarudi kila baada ya wiki chache ingawa vali ya kudhibiti oili imebadilishwa mara mbili

Mmiliki wa Pili

Salaam kwenu nyote. Nina gari la mkono wa pili lenye injini ya lita 1.5 na silinda nne, ambalo lilikuwa limekwisha kutembea kilomita 148,000 nilipolinunua. Mwezi wa pili taa ya injini iliwaka, na kifaa cha kusomea hitilafu kikaonyesha msimbo P0011, yaani kamshafti (shafti inayofungua vali) ya upande wa vali za kuingizia hewa imewahi kupita kiasi kilichoagizwa na kompyuta ya injini. Dalili yenyewe haibadiliki: asubuhi gari huwaka na kwenda vizuri, lakini baada ya mwendo wa nusu saa hivi, nikisimama kwenye taa za barabarani, injini hutetemeka, mzunguko hushuka, na mara mbili imezimika kabisa. Nikikanyaga mafuta hutulia.

Fundi alibadilisha vali ya kudhibiti oili, shida ikapotea kwa wiki tatu, kisha ikarudi. Akaweka nyingine iliyo bora zaidi, nayo ikadumu wiki nne. Sasa anashauri tufungue mbele ya injini, tubadilishe cheni ya taimingi (inayounganisha kamshafti na krenki, yaani shafti kuu ya injini) pamoja na gia ya kamshafti, kazi ambayo ni kubwa na ambayo sitaki kuifanya kwa kubahatisha. Oili ni 5W-30 kama kitabu cha gari kinavyotaka. Je, kuna kipimo kinachoweza kunionyesha kasoro iliko kabla ya kufungua?

Bisibisi

Ndugu, msimbo huo hautaji kifaa kilichoharibika. Unasema tu kwamba kompyuta iliagiza kamshafti iwe mahali fulani, nayo ikakutwa mahali pengine. Gia ya kamshafti ina vyumba vidogo vya oili ndani yake: oili ikisukumwa upande mmoja shafti huwahi, na ikisukumwa upande wa pili hurudi nyuma, huku vali ya kudhibiti oili ikiamua ni upande upi upate msukumo. Injini yako inatetemeka ukisimama kwa sababu shafti imebaki mbele wakati ilipaswa kuwa imerudi. Vali za kuingizia hewa zinafunguka mapema mno, kabla za kutolea moshi hazijafunga, na moshi unachanganyika na hewa mpya. Ukikanyaga mafuta injini inahitaji shafti iwe mbele, ndiyo maana inatulia.

Kinachonivutia zaidi katika maelezo yako ni zile wiki tatu na wiki nne. Kama cheni ingekuwa imelegea, vali mpya isingeleta nafuu hata ya siku moja, na aghalabu ungeona P0016, ambao hutokea kamshafti na krenki zisipooana. Vali mpya inayofanya kazi vizuri kisha inakwama inaashiria kwamba kuna kitu kwenye oili kinachoiendea kila mara.

Kipimo ninachokipenda hakihitaji kufungua chochote. Tumia kifaa kinachoonyesha takwimu za injini inapounguruma, si kile cha kusoma misimbo peke yake, na utazame kwa pamoja vipimo viwili vya mkao wa kamshafti, kwa nyuzi (digrii): nyuzi zilizoagizwa na nyuzi halisi. Endesha hadi dalili itokee, kisha, gari likiwa limesimama, chomoa plagi ya umeme ya vali. Katika mifumo ya kawaida ya aina hii vali isiyo na umeme hurudishwa na springi yake, na shafti ya kuingizia hewa inapaswa kurudi karibu na sifuri. Ikirudi, chunguza umeme. Isiporudi, kuna kitu kimekwama, ama ndani ya vali ama ndani ya gia. Usishtuke ukiona P0010 ukisha kuchomoa, kwa kuwa kompyuta inalalamikia waya uliokatika, na ni wewe uliyeukata.

Waya Mwekundu

Ninakubaliana na Bisibisi kwa sehemu kubwa, ila nisingeuacha umeme haraka hivyo. Kasoro inayosubiri injini ipate joto ni tabia ya koili (waya uliozungushwa ndani ya vali unaoisukuma kwa umeme) iliyochoka vilevile. Pima ukinzani wa vali ikiwa baridi, kisha upime tena ikiwa moto; kwa injini kadhaa za Toyota kipimo sahihi ni omu 6.9 hadi 7.9 kwenye joto la nyuzi 20, na injini nyingine zina viwango vyao katika vitabu vya matengenezo. Kupanda kidogo kwa sababu ya joto ni kawaida, lakini kukatika kabisa si kawaida. Angalia pia kama oili imepenya ndani ya plagi.

Jambo la pili ni ombi kwa fundi wako: asifute misimbo kwa kuchomoa betri. Msimbo unapojitokeza, kompyuta huhifadhi pamoja nao hali ya wakati huo, yaani joto la maji, mzunguko wa injini na mwendo wa gari, na kumbukumbu hiyo ndiyo ushahidi wenyewe. Ukichomoa betri unaufuta.

Mmiliki wa Pili

Nimerudi na majibu. Ukinzani ulikuwa omu 7.3 ikiwa baridi na ukapanda kidogo ikiwa moto, bila kukatika, na plagi ni kavu. Dalili ilipotokea, nyuzi zilizoagizwa zilikuwa 0 na halisi zilikuwa 22. Nilichomoa plagi, zikabaki 22, na mtetemo ukaendelea vilevile.

Tukaichomoa vali yenyewe. Fimbo yake ya ndani ilikuwa imenasa katikati, na tulipoisukuma kwa kijiti laini kikatoka kipande cha kitu cheusi kinachovutika kama mpira. Kichujio kidogo cha wavu kilicho kwenye njia ya oili kuelekea kwenye vali, ambacho hakuna aliyekigusa mara zote mbili, kilikuwa kimechanika pembeni na kimeshika vipande vingine kama hivyo. Fundi anasema ni silikoni ya kuzibia mifuniko. Tangu nilinunue, gari halijawahi kufunguliwa mfuniko wowote.

Bisibisi

Basi aliufungua mwenye gari kabla yako. Mtu anayepaka silikoni kwa wingi huona ile inayotokeza nje tu na kuifuta. Iliyotokeza ndani hukauka, hukatika na kusafiri na oili. Iliyonaswa kwenye wavu mliuona, na iliyopita kwenye ule mpasuko ndiyo iliyokuwa ikizikwamisha vali zako. Badilisheni wavu, msiuoshe tu, maana uliochanika hauna kazi.

Msiishie hapo. Fungueni sampu (bakuli la oili chini ya injini) mtazame kichujio cha bomba la kunyonyea oili, kwa kuwa vipande vikubwa huanguka chini na kukusanyika huko, na bomba hilo likiziba injini nzima hukosa oili, si kamshafti peke yake. Kabla ya hapo pimeni msukumo wa oili kwa geji halisi injini ikiwa moto, mlinganishe na kitabu cha injini hiyo. Mkiifunga sampu, pakeni utepe mwembamba wa silikoni, na muiache ishike kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kutia oili.

Mmiliki wa Pili

Msukumo ulikuwa chini kidogo ya kiwango cha kitabu injini ikiwa moto. Sampu imefunguliwa leo, na karibu nusu ya kichujio cha bomba ilikuwa imefunikwa na vipande vilevile vyeusi. Tumesafisha, tumeweka wavu mpya, na ile vali ya pili tumeirudisha baada ya kuhakikisha fimbo yake inateleza. Baada ya saa moja ya mwendo nyuzi halisi zinafuata zilizoagizwa, na nikisimama zinarudi hadi 1 au 0. Gia na cheni hatujazigusa. Fundi anataka tumwage oili hii baada ya kilomita 1,000 na kuichuja kwenye kitambaa cheupe, tuone kama bado kuna mabaki. Nitaandika hapa tutakachokikuta.