Saa za midoli zihesabiwe kama saa za wadi? Tujadili mafunzo ya wauguzi

Mkufunzi wa uuguzi, Dodoma

Naleta jambo ambalo ofisini kwetu tumelibishania mwezi mzima. Wanafunzi wakienda fildi, wadi moja inapokea vyuo vitatu. Mgonjwa wa kuwekewa mpira wa mkojo ni mmoja, waliozunguka kitanda ni wanane. Mmoja anaweka, saba wanatazama, halafu wote wanatafuta wa kuwasainia logibuku, daftari la kazi walizofanya. Baadhi yetu tunasema sehemu ya saa hizo zifanyike chuoni, kwa midoli na mazoezi ya kuigiza, na zihesabiwe. Wengine wanasema muuguzi hafundishwi kwa plastiki.

Mimi nakubali zihesabiwe, ila kwa kiasi. Mwaka 2014 Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliofuata wanafunzi wa vyuo 10. Waliofanya hadi nusu ya saa zao za wadi kwa simulesheni, yaani midoli na kuigiza, hawakuachwa nyuma na wenzao, si kwenye mtihani wa leseni wala kazini miezi ya kwanza. Uingereza, vyuo vilivyoidhinishwa vinaruhusiwa hadi saa 600 za simulesheni kati ya 2,300 za vitendo. Sisi tunaogopa nini?

Sista wa leba, miaka 19 kazini

Mkufunzi, heshima yako, ila utafiti huo usome mpaka mwisho. Vyuo vile vilikuwa na wakufunzi waliofundishwa kuendesha simulesheni, vifaa vya kutosha, na kila zoezi liliisha kwa kukaa chini na kuulizana: ulifanya nini, kwa nini, ungefanyaje tena? Ukitoa hayo ukabaki na mdoli peke yake, umebaki na mdoli.

Usiende mbali. Hapa kwetu, Hospitali ya Haydom kule Manyara, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Mnaijua dakika ya dhahabu: mtoto akizaliwa kimya, sekunde 60 zisipite hujaanza kumpa pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa. Baada ya miezi saba walipimwa. Kwenye mdoli walikuwa wazuri kuliko kabla ya mafunzo. Kwa watoto halisi, mambo yalikuwa yale yale! Matokeo hayo yalichapishwa 2013, na mimi niliposoma nilijiona mwenyewe, maana cheti cha siku moja ninacho.

Baadaye walibadili utaratibu. Mdoli ukawekwa leba kwenyewe, mkunga akiingia zamu anafanya zoezi la dakika chache, kila wiki, na mara moja kwa mwezi wanarudia kwa kirefu kidogo. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mdoli ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali ulipowekwa na mara ngapi mkono uliugusa.

Mwanafunzi, mwaka wa tatu

Shikamoo sista. Chuoni kwetu chumba cha vitendo kipo na midoli ipo, imefunikwa nailoni. Ufunguo anao mtu mmoja. Kinafunguliwa wiki mbili kabla ya mtihani wa vitendo, kisha tunapanga foleni. Mkono wa mdoli wa kujifunzia kuchoma sindano umetobolewa mpaka huhitaji kupapasa mshipa, unafuata tundu. Nikafaulu vizuri sana.

Fildi nikakutana na bibi mwenye kisukari, ngozi laini kama karatasi, mishipa inakimbia. Nilimchoma mara tatu. Hakulalamika, alinishika mkono akaniambia, "Polepole, mwanangu." Sijamsahau. Kwa hiyo mkisema saa hizi zihesabiwe, naomba kwanza mhesabu ni saa ngapi chumba kile kinakuwa wazi.

Mzazi

Mimi si mtu wa afya, mniwie radhi. Mnajadili saa, ila wanaochomwa ni sisi. Mwanangu wa miezi minane alijaribiwa na wanafunzi wawili kabla sista hajaingia, na hakuna aliyeniuliza kama nakubali. Nisingekataa, najua lazima wajifunze. Lakini mara ya kwanza kabisa isiwe kwa mtoto anayelia. Kama plastiki ipo, ianze plastiki.

Sista wa leba

Dada, uko sahihi, pole sana kwa hilo. Na kuomba ruhusa nako hufundishwa kwa kuigiza. Kuna mdoli wa uzazi ambao mtu anaufunga tumboni, anakuwa mama: analia, anauliza maswali, na damu ya bandia inatoka. Mwanafunzi huku anazuia damu, huku anazungumza na mama. Wengi wao mikono inakwenda, mdomo umefungwa. Hapo ndipo mkufunzi mzuri anasimamisha zoezi.

Mkufunzi wa uuguzi, Dodoma

Sista, Haydom umenibana, nakubali. Nilikuwa natetea saa bila kuangalia zinavyotumika. Ombi langu sasa ni hili: saa ya mdoli ihesabiwe pale tu mkufunzi alipokuwepo na majadiliano yakafanyika baada ya zoezi, na isiondoe hata siku moja ya leba. Mwanafunzi asiguse mgonjwa kwa kazi ambayo hajawahi kuionyesha kwenye mdoli. Na zoezi liendelee akiwa fildi, mdoli ukae wadini, si kabatini.

Tatizo ni kwamba hospitali itauliza mdoli ni wa nani na nani ataulipia ukichakaa, na chuo kitasema wadi si yetu. Walio kwenye vyuo vilivyo ndani ya hospitali, ninyi mmelimalizaje hili?

Mwanafunzi, mwaka wa tatu

Mwalimu, na ufunguo?